Kuongeza kasi ya kompyuta kwenye joto la Ifakara
Maelekezo mengi ya kuongeza kasi ya prosesa yameandikwa na watu wenye chumba cha nyuzi 22. Hapa Mlabani saa nane mchana chumba kinaweza kufika 33, na feni haiwezi kupooza chini ya joto la chumba, kwa hiyo hizo nyuzi 11 zinaishia kwenye prosesa. Volti ndiyo mbaya zaidi: ukiiongeza asilimia 10, joto linapanda kama asilimia 21, hata kabla hujagusa kasi. So panda kidogo kidogo, volti iache mpaka mashine ianze kugoma.

Lakini cha kuogopa hasa ni RAM. Prosesa ikizidiwa, mashine mara nyingi inazima, unajua. RAM isiyotulia inabadilisha namba kimyakimya, na data za risechi yako ya mwaka wa mwisho zinaharibika huku faili linafunguka vizuri tu. Washa XMP peke yake kwanza, endesha MemTest86 raundi nne, tena mchana, siyo usiku wa baridi wa Juni. Likitokea kosa hata moja, shusha kasi. Ikikataa kuwaka kabisa, chomoa umeme, toa kile kibetri cha kwenye ubao kwa dakika chache, urudishe.