Brompton Yako Inakwaruza Sakafu? Cheki Hivi Vitu Tatu Kwanza

Msee, Brompton ikikunjwa husimama kwa vile vigurudumu vidogo vya nyuma. Vya plastiki vikilika, kuisukuma ni ngori. Kabla utoe doh, cheki hivi:

Beringi: za 608, kama za skate, zinateleza poa. Lakini tundu lake ni milimita 8, so bolti nyembamba itacheza ka huna bushi. Enda na ya zamani mlinganishe.

Ukubwa: kikubwa hupita nyufa bila stori, ila kikitokeza sana kisigino kitakigonga ukipiga pedali.

Breki: usiweke vyote laini. Ukiiegesha kwa mteremko itajitoa yenyewe hadi barabarani. Acha angalau kimoja kigumu kiishike.

Bei mbaya ni ile unalipa mara mbili.