Naivasha si makontena tu: fimbo nyepesi na besi wa ufukweni

WAFANYABIASHARA wengi wa Uganda, Rwanda na Sudan Kusini wanaijua Naivasha kwa jambo moja: makontena. Tangu reli ya SGR ifike huko Oktoba 2019, sehemu ya mizigo ya nchi hizo hushushwa kwenye bandari kavu ya upande wa Mai Mahiu, kisha hupakiwa kwenye malori kuelekea Malaba na Busia. Hati zikichelewa, mwenye mzigo hulala mjini siku mbili tatu akipiga simu na kuhesabu hasara.

Ziwa lenyewe hulitazama kupitia dirisha la gari. Ni ziwa la maji baridi, karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na ndani yake yumo samaki ambaye mchuuzi wa Mwanza au Kisumu huenda hajawahi kumtia kwenye mizani. Anaitwa besi. Ana mgongo wa kijani, mstari mweusi ubavuni na mdomo mpana kuliko mwili wake unavyostahili. Aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929 ili walowezi wapate mchezo wa kuvua.

Historia hiyo inafanana na ya sangara, ambaye Wakenya humwita mbuta na Waganda mputa. Naye ni mgeni, aliyetiwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lakini sangara alijenga viwanda: minofu yake ikaenda Ulaya, mabondo yake yakaenda Asia. Besi naye hunaswa na nyavu za wavuvi wa biashara, ila sifa yake imejengwa na fimbo na ndoano.

Fimbo yenyewe siku hizi ni nyepesi mno. Ina urefu wa mita mbili au pungufu, kirili kidogo cha kukunjia mshipi, na chambo bandia cha gramu 2 hadi 5, pengine kijiko kidogo cha bati au kipande cha plastiki laini chenye umbo la samaki mchanga. Mshipi huhimili kilo 2 hivi. Vyote huingia kwenye mkoba wa bega, na boti haihitajiki. Raha yake ni kwamba samaki wa nusu kilo, ambaye kwenye fimbo nzito huvutwa kama kiatu kilichozama, kwenye fimbo hii hupigana kweli.

Siri iko kwenye breki ya rili. Inapaswa kuachia mshipi kabla haujafika kikomo cha nguvu zake, na robo ya kikomo hicho ni kipimo kizuri. Kwa mshipi wa kilo 2, breki iachie kwenye nusu kilo. Mizani ndogo ya kuning'iniza, ileile ya sokoni, inatosha kupima: funga mshipi kwenye kulabu yake, vuta, soma.

Mgeni akifika ufukweni hurusha chambo mbali kadiri mkono unavyoweza, kuelekea katikati ya ziwa. Hapo anapoteza muda. Besi ni mviziaji. Hujificha pembezoni mwa mafunjo, chini ya magugu maji na kwenye miti iliyozama, akingoja chakula kipite. Chambo kirushwe sambamba na ufuko, kivutwe polepole, kisimamishwe, kivutwe tena. Mara nyingi hudakwa kinaposimama. Chakula anachokipenda ni kamba wekundu wa maji baridi, ambao nao ni wageni kutoka Louisiana, waliotiwa ziwani mwaka 1970. Kwa hiyo plastiki nyekundu au ya kahawia ikiburutwa chini hufanya kazi vizuri.

Tatizo ni matope. Mwaka 2001 samaki aina ya karpi waliingia ziwani kwa bahati mbaya kupitia Mto Malewa, na baadaye wakawa sehemu kubwa ya mavuno. Karpi hufukua tope akitafuta chakula, na besi huwinda kwa macho. Mvuvi wa fimbo hana budi kutafuta maji yenye nafuu, ambayo kwa kawaida hupatikana penye mimea mingi. Kujaa kwa ziwa nako kumebadilisha fuko. Mwaka 2020 maji yaliingia hadi mtaa wa Kihoto, na miti mingi ikabaki imesimama majini. Ni maficho bora ya samaki, na makaburi ya chambo.

Kisha kuna viboko, na hapa mzaha uishe. Besi hula vizuri alfajiri na jioni. Kiboko hutoka majini kwenda malishoni jioni na kurudi alfajiri, kwa njia hizohizo zinazopita kwenye mafunjo. Agosti 2018 mtalii kutoka Taiwan aliuawa na kiboko akipiga picha kando ya ziwa, saa chache baada ya mvuvi mwenyeji kuuawa hivyohivyo. Samaki wachache wa mchana ni bora. Avue kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni, asimame penye uwazi, asijiweke kamwe kati ya kiboko na maji.

Sehemu kubwa ya ufuko imo mikononi mwa hoteli na mashamba ya maua. Fuko za umma kama Karagita na Kamere zipo, na wavuvi wa hapo ndio wanaojua kiboko alilala wapi jana. Leseni ya uvuvi wa burudani iulizwe kwanza kwenye ofisi ya uvuvi.

Fimbo hiyohiyo hufaa kwenye miamba ya Mwanza au Entebbe, maana sangara wachanga hukaa karibu na ufuko wakila uduvi na dagaa. Ila wengi watakaoshika ndoano watakuwa chini ya sentimita 50, kima cha chini kilichokubaliwa kwa sangara na nchi zinazolizunguka ziwa. Hao ni wa kurudishwa majini upesi, kwa mikono iliyoloweshwa, baada ya jino la ndoano kubanwa bapa kwa koleo ili itoke bila kuchana. Mistari miwili ya rangi ya kucha kwenye fimbo, iliyoachana sentimita 50, hutosha kuwa rula.