Pwani ya Bergamoti

Mwezi wa Desemba tulipanda gari moshi mjini Reggio Calabria, Italia ya kusini, tukashika njia ya pwani kwenda Melito di Porto Salvo. Ng'ambo ya bahari ni Sisilia, na asubuhi ile mlima Etna ulikuwa na theluji kichwani huku ukifuka moshi. Majumba ya Reggio si ya kale, maana mji wa zamani ulibomoka karibu wote kwa tetemeko la tarehe 28 Desemba, 1908.

Lakini sisi watu wa karafuu macho yetu yalikuwa upande wa bara, kwenye mashamba ya bergamoti. Tunda lake ni mviringo, likiiva huwa na rangi ya limau, na ukali wake si wa kulika hivi hivi. Mti hupandikizwa juu ya shina la mdanzi. Thamani yote imo katika ganda: mafuta yake hutiwa katika manukato na katika chai iitwayo Earl Grey, na sehemu kubwa kabisa ya mafuta hayo duniani hutoka katika ukanda huu mwembamba.

Tuliteremka kituo kimoja kidogo kutazama yanavyokamuliwa. Zamani maganda yalibanwa kwa mkono juu ya sponji. Mwaka 1844 Nicola Barillà akabuni mashine. Kilo moja ya mafuta yataka kama kilo 200 za matunda! Sisi tunaojua magunia ya makonyo yanavyoishia katika chupa tulitazamana tu.

Mzee mmoja mwenye shamba alitueleza jinsi mafuta ya kuigiza, na yale safi yaliyochanganywa na walaghai, yalivyoangusha bei hata jirani zake wakang'oa miti. Yeye hakung'oa. Kwa nini, mzee wetu? Akasema miti ni ya babaye. Kwa kweli jibu hilo halilipi vibarua, nasi tulimwambia hivyo. Akacheka, akataja mwaka 2001, Umoja wa Ulaya ulipolinda jina la mafuta ya Reggio, hata yaliyotoka kwingine yasiweze kuuzwa kwa jina hilo.

Alitupa matunda matatu. Tuliporudi garini behewa zima lilinukia, na mama aliyekaa mbele yetu akatuuliza kilo tumenunua kwa bei gani.