Nishati Safi na Akiba ya Mkazi wa Eastlands

Uwekezaji unaotokana na mabadiliko ya tabianchi, yaani fedha zinazowekwa katika shughuli za kupunguza gesijoto au za kuwawezesha watu kuhimili ukame, joto na mafuriko, huzungumziwa mara nyingi kana kwamba ni shughuli ya serikali na benki kubwa peke yake, ilhali mitaa ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi, kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Umoja, Kayole na Dandora, ina karibu kila kinachohitajika: magari mengi ya dizeli, mapaa ya nyumba za ghorofa, taka zisizokwisha, na mazoea ya miaka mingi ya kuweka akiba kwa pamoja katika vyama na katika Sacco, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo. Kilichopungua ni mtaji wa bei nafuu, na hapo ndipo penye nafasi yenyewe.

Sababu ya mtaji huo kuwa muhimu imo katika mpangilio wa gharama. Anayetumia dizeli au makaa hulipa kidogo kidogo kila siku, lakini anayetumia jua au betri hulipa sehemu kubwa ya gharama siku ya kwanza, kisha kwa miaka mingi hulipa kidogo sana. Kwa hiyo faida ya nishati safi huamuliwa na riba ya mkopo kwa kiasi kilekile inavyoamuliwa na ubora wa mtambo. Mkopo wa shilingi milioni 5 ukitozwa riba ya asilimia 16 badala ya 12, tofauti ya mwaka wa kwanza hukaribia shilingi 200,000, kiasi kinachoweza kumeza sehemu nzuri ya akiba iliyotarajiwa kutokana na kuacha mafuta.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa usafiri. Serikali ilipoagiza mwaka 2010 kwamba wenye matatu wajiunge katika Sacco, lengo lilikuwa nidhamu barabarani, lakini matokeo yake ni kwamba sekta iliyokuwa ya mtu mmojammoja ilipata vyombo vinavyoweza kukopa na kukopesha. Kampuni ya BasiGo, iliyoanzishwa mwaka 2021, iliyatoa mabasi yake mawili ya kwanza ya umeme mwezi Machi 2022 kwa majaribio chini ya kampuni za usafiri za Citi Hoppa na East Shuttle, na jambo la kuzingatiwa katika mpango wake si injini bali mkataba. Bei ya basi ilitenganishwa na bei ya betri: mnunuzi alitakiwa kulipa takribani shilingi milioni 5 kwa ajili ya basi, kisha shilingi 20 kwa kila kilomita, malipo yaliyojumuisha ukodishaji wa betri, kuchaji na matengenezo. Kwa njia hiyo hatari ya betri kuchakaa mapema, ambayo ndiyo hofu kuu ya mkopeshaji yeyote, ilibaki kwa kampuni iliyoifahamu betri hiyo, wala haikumwangukia mwenye gari.

Malipo ya kilomita yana tabia ambayo mwekezaji wa Eastlands hana budi kuipima kwa makini. Katika msongamano wa Barabara ya Jogoo, gari la dizeli huendelea kuchoma mafuta likiwa limesimama, ilhali la umeme hutumia nishati kidogo sana, na mwenye kulipa kwa kilomita hadaiwi chochote kwa muda aliokwama. Hata hivyo, msongamano huohuo hupunguza idadi ya safari na hivyo nauli ya siku, huku marejesho ya mkopo yakibaki palepale. Basi la umeme hupata nafuu kwa kutembea sana. Likitembea kidogo, deni lake hulemea. Upande wa bei ya stima, mamlaka ya kudhibiti kawi, EPRA, iliweka mwaka 2023 kiwango maalumu cha vyombo vya umeme, shilingi 16 kwa uniti wakati wa matumizi makubwa na shilingi 8 usiku, kabla ya kodi na tozo nyingine, jambo linalolipa faida gereji linalochaji magari usiku. Boda boda za umeme zinafuata mantiki hiyohiyo: katika mipango ya kubadilishana betri, mwendeshaji humiliki pikipiki, kampuni humiliki betri, na mwendeshaji hulipia kila anapobadilisha iliyoisha kwa iliyojaa.

Paa la nyumba ni suala gumu kidogo. Katika ghorofa nyingi za Umoja au Pipeline, mwenye nyumba ndiye mwenye paa, lakini mpangaji ndiye anayenunua tokeni za stima, kwa hiyo anayeweza kuweka paneli za sola hafaidiki na anayeweza kufaidika hana ruhusa ya kuziweka. Isitoshe, jua huwaka mchana wakati wapangaji wako kazini, na stima huhitajika zaidi jioni. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 ilikubali utaratibu wa kupima umeme unaoingia na unaotoka, ambao mteja hurudisha ziada yake kwenye gridi na kupunguziwa bili, na kanuni za mwaka 2024 zikaufafanua, lakini mteja huhesabiwa nusu tu ya uniti alizorudisha. Kwa kiwango hicho, haifai kufunga paneli nyingi kwa nia ya kuuza. Inafaa kutafuta matumizi ya mchana, na katika mitaa hii matumizi hayo yapo tayari, nayo ni pampu ya maji. Bili ya pampu na ya taa za ngazi humwangukia mwenye nyumba mwenyewe, na maji yaliyosukumwa adhuhuri hadi kwenye tangi la juu hungoja hadi usiku bila kuhitaji betri yoyote. Hatari iliyopo ni ya sera: kodi ya VAT juu ya vifaa vya sola ilirudishwa mwaka 2020 na kuondolewa tena mwaka 2021.

Kuhusu taka, ahadi zimezidi matokeo. Jaa la Dandora lilifunguliwa mwaka 1975 na kutangazwa kujaa mwaka 2001, lakini hadi leo linaendelea kupokea taka za jiji, na mipango ya kuzichoma ili kuzalisha umeme imetangazwa zaidi ya mara moja. Tatizo ni la kimaumbile: zaidi ya nusu ya taka za Nairobi ni mabaki ya vyakula na mimea, ambayo yana maji mengi, na moto hupoteza nguvu nyingi kuyakausha kabla ya kutoa joto la maana. Mabaki hayohayo yakioza bila hewa hutoa methani, gesi ambayo katika kipindi cha miaka 20 hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko kiasi sawa cha hewa ukaa. Njia yenye mantiki zaidi ni ile iliyofuatwa na kampuni ya Sanergy, iliyoanzia Mukuru kwa kukusanya kinyesi kutoka vyoo vya mitaani na kuongeza mabaki ya vyakula, kisha kuvitumia kulisha mabuu ya nzi, ambao hugeuka kuwa chakula cha mifugo, na masalio yao kuwa mbolea. Hapo bidhaa inashindana na soya na omena, ambazo bei yake hupanda, badala ya kushindana na umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria.

Kwa mwenye akiba ndogo asiye na gari wala nyumba, kuna njia ya karatasi, yaani hisa na hatifungani, nazo zinahitaji tahadhari. KenGen, mzalishaji mkuu wa umeme wa mvuke wa ardhini, iliuza hisa kwa umma mwaka 2006 kwa shilingi 11.90, lakini mwishoni mwa mwaka 2023 hisa hiyo haikufika shilingi 3, ingawa mitambo yake iliendelea kuongezeka. Kampuni inaweza kuwa safi kwa hewa bila kumfaidi mwenye hisa. Hatifungani ya kijani, ambayo ni deni linalokopwa kwa masharti kwamba fedha zitumike kwa miradi isiyoharibu mazingira, ilianza nchini mwaka 2019 pale kampuni ya Acorn ilipokusanya shilingi bilioni 4.3 kwa riba ya asilimia 12.25 ili kujenga mabweni ya wanafunzi, lakini ililenga taasisi, si mwenye duka wa Kariobangi. Kwamba mlango mdogo unawezekana kulidhihirika mwaka 2017, serikali ilipouza hatifungani ya M-Akiba kwa simu kuanzia shilingi 3,000. Hazina ya Taifa ingefanya vyema kuurudisha mpango wa namna hiyo kwa ajili ya miradi ya nishati.

Kwa sasa, kwa Sacco ya Eastlands inayotaka kuanza, mkopo wa pampu ya sola kwa mwenye ghorofa ndio wenye hatari ndogo kuliko yote. Basi la umeme linastahili mkopo pale tu mkataba unapoeleza wazi betri ni ya nani na malipo ya kilomita yanaweza kupandishwa kwa masharti gani, na umeme wa taka usikopeshewe hata shilingi hadi mtambo utakapoonekana ukifanya kazi.