Laina ya Pickup: Ya Kupuliza ama Ya Kutumbukiza? Soma Hii Kabla Ndai Yako Iliwe na Kutu Huku Lakeside

Kama uko Kisumu na unahustle na pickup, unajua huko nyuma ndio ofisi. Asubuhi unabeba kreti za ngege na mbuta kutoka Dunga, mchana ni simiti na mabati ya kupeleka Mamboleo, Jumapili ni magunia ya Kibuye. Hiyo bati inapigwa, inakwaruzwa na inamwagiwa maji ya samaki kila siku. Na hakuna mtu huiangalia vizuri mpaka siku kidole kinapenya.

Ndio maana wasee wengi huweka laina. Shida ni moja: wengi huchagua kwa macho. Ile inakaa ngumu ndio inanunuliwa. Lakini swali la maana ni rahisi zaidi: maji yakiingia, yanaenda wapi?

Tuanze mwanzo.

Hizi laina ni gani?

Ya kutumbukiza ni kama karai kubwa ya plastiki ngumu, familia moja na mtungi wa maji wa lita 20. Inatengenezwa kiwandani kwa shape ya modeli fulani. Ya D-Max haitakaa kwa Hilux, na ya single cab haitakaa kwa double cab. Unaishusha ndani, unaifunga na bolti ama klipu, umemaliza. Kazi ya saa moja.

Ya kupuliza ni dawa inayopigwa moja kwa moja kwa bati na kushikana nayo. Ile ya mashine kubwa ni vitu viwili, vinapashwa moto na kuchanganyika kwa bunduki ya kupuliza, halafu vinakauka ndani ya sekunde. Inaacha ngozi ya kama milimita 3, ngumu lakini yenye mpira kidogo. Pia kuna ile ya chupa, kama Raptor, ambayo fundi wa rangi anaweza kupiga na kompresa ya kawaida. Unachanganya sehemu 3 za dawa na 1 ya kukausha, unatikisa, unapuliza. Ngozi yake ni nyembamba kuliko ya mashine, na inataka karibu wiki nzima kabla uanze kurusha mawe huko ndani.

Ya kutumbukiza: rahisi, lakini inaficha mambo

Tuipe haki yake. Bei kawaida iko chini. Inameza kishindo: ukiangusha jiwe la Riat ama injini ya boti, plastiki inabonyea na kurudi, bati chini inabaki sawa. Ukiuza gari unaitoa. Na kama unabeba mchanga, sepeto inateleza vizuri bila kukwama.

Sasa ubaya. Hiyo plastiki haijashikana na bati. Kuna nafasi katikati. Maji ya mvua, barafu iliyoyeyuka na mchanga wa beach vinapita kando na kukaa huko chini, mahali jua halifiki na upepo hauingii. Halafu unashika barabara mbovu. Gari linatetemeka, plastiki inacheza, na ule mchanga unafanya kazi ya msasa. Unakwangua rangi polepole mpaka chuma kibaki uchi. Chuma uchi na maji yasiyokauka, hapo kutu imepata nyumba.

Mtu atasema, lakini ziwa letu ni maji baridi, si kama Mombasa. Kweli, hewa ya huku haina chumvi. Lakini wewe mwenyewe unaibeba. Mbuta iliyokaushwa kwa chumvi ikitoa maji, hayo maji yanakula chuma haraka kuliko mvua. Ongeza mvua ndefu za Machi mpaka Mei, na uelewe bati iliyofunikwa haipati siku ya kukauka.

Kitu kingine ni utelezi. Kreti zenye barafu juu ya plastiki yenye maji huenda zinakotaka. Ukipanda Kericho na kona zake, mzigo unahama upande. Kama unatumia hii laina, kamba si hiari.

Ya kupuliza: inashika, lakini inategemea fundi

Faida kubwa ni kwamba hakuna katikati. Laina imeshikana na bati, kwa hivyo maji hayana pa kujificha. Yanashuka kwa matundu ya kutolea maji na kwisha. Ukimaliza kubeba samaki unapiga maji ya presha, unafungua mlango wa nyuma, harufu inaondoka. Pia ngozi yake ni ya kukwaruza kidogo, kreti zinakaa mahali umeziweka. Ukipiga magoti hapo bila kitu utajuta, lakini hiyo ni shida ndogo.

Ubaya wake uko kwa maandalizi. Kazi yenyewe ya kupuliza ni fupi. Kazi ndefu ni kuosha grisi na mafuta ya samaki, kupiga msasa kila kona, kuondoa kutu yote mpaka chuma safi, kupaka praima, na kukausha. Fundi akipuliza juu ya kutu, amekufungia mwizi ndani ya nyumba. Kutu itaendelea chini kwa chini, na utagundua siku laina inaanza kuchubuka kama ngozi ya nyoka.

Kabla ulipe, angalia mambo matatu. Je, matundu ya maji yameachwa wazi ama yamezibwa na dawa? Kingo zimeshika ama unaweza kuziinua na ukucha? Na kama unapaki juani siku nzima, uliza kama dawa inavumilia jua, juu zingine nyeusi hugeuka kijivu mapema.

Pia jua hii: ukishapuliza, umepuliza. Kuitoa ni vita. Na kama bodi itahitaji welda baadaye, lazima hiyo sehemu ikwanguliwe kwanza, juu moshi wa laina ikiungua ni sumu.

Kwa mafundi wa juakali: mapafu hayana spea

Nyingi za hizi dawa zina kemikali inaitwa aisosayaneti. Ikiingia kwa mapafu mara kwa mara inaweza kukuletea pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa ama ile ya Corona haisaidii hapa. Unataka kinyago chenye filta za kemikali, na kwa kazi ya mashine kubwa, chenye hewa safi inayoletwa kwa bomba. Kama umeandikwa, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga. Si hisani.

Na ile ya kuchomelea bati juu?

Kuna mtindo wa kuchomelea bati nzito yenye vidoti juu ya sakafu. Inakaa ya nguvu, lakini moto wa welda unachoma rangi upande wa chini, na maji yanajipenyeza kati ya bati mbili usipoweza kufika kabisa. Heri mkeka wa mpira unaoweza kuuinua jioni na kuosha chini.

Basi uchukue gani?

Kama kazi yako ni samaki, barafu, omena na kitu chochote chenye maji, tafuta ya kupuliza na ulipie maandalizi vizuri. Kama ni mchanga, mawe na vyuma, na doh ni kidogo, ya kutumbukiza iko sawa kwa masharti: itoe angalau mara moja kwa mwezi, osha, kausha, na kila tundu la bolti upake rangi.

Hakuna laina inageuza pickup kuwa friji, lakini. Samaki bado akae ndani ya kreti safi yenye barafu.

Na kama unanunua pickup ya mtumba, hii ndio ya kushika. Ukipata yenye laina ya kutumbukiza inayong'aa, usishike doh. Mwambie mwenye gari aitoe kwanza. Piga sakafu na ngumi, angalia pembe za mbele karibu na kebini, pitisha kidole kwa mishono. Kama ni ya kupuliza, ingia chini ya gari na tochi uangalie upande wa pili wa bati. Muuzaji akikataa kufungua bolti nne tu, ashakujibu.