Mbwa mwenye nguvu nyingi: mpe kazi mbele ya kumpa kamba



Katika gazeti letu tumezoea kuongea juu ya muhogo, mahindi na mbuzi. Leo tuongee juu ya mbwa. Sababu ni hii: katika kijiji kimoja cha upande wa Sandoa, mkutano wa kugawa mbegu ulisimama karibu nusu siku juu ya mbwa mmoja tu. Alikuwa ameua kuku watatu wa mama mmoja, mwanachama mzuri, mwenye kulipa mchango wake kila mara. Yule mama akasimama akasema: «Kama hamuue ile imbwa, miye natoka mu kooperative.» Papa mwenye mbwa akajibu kwamba atamfunga. Na kweli akamfunga kwenye mti wa maembe, kamba fupi, usiku na mchana.

Kisha mwezi mmoja mbwa akakata kamba na akauma mtoto wa jirani kwenye mguu. Hakuwa na chanjo. Ili mtoto apate sindano, wazazi walihangaika sana, na mbuzi mmoja akauzwa. Kuku watatu walikuwa wamegeuka deni kubwa.

Hakuna mtu aliyetaka ubaya hapo. Kosa lilikuwa kuwaza kwamba mbwa anayesumbua anapunguzwa nguvu kwa kamba. Kwa kweli kamba inamwongezea.

Mbwa huyu ametoka wapi?

Mbwa wengi tulionao sasa ni wa damu ya kuchanganyika. Mama yake ni mbwa wa kijiji: mwembamba, masikio yamesimama, mkia umejikunja. Ni ndugu wa mbwa wa uwindaji wa Kongo ambaye Wazungu wanamwita basenji. Huyo habweki sana. Ndiyo maana wawindaji wanamvalisha kengele shingoni ili wamsikie katika majani. Damu hiyo inajua kitu kimoja vizuri: kinachokimbia, kifuatwe.

Baba yake mara nyingi ni mbwa mkubwa wa ulinzi aliyeletwa kutoka Kolwezi au Lubumbashi, mwenye damu ya mbwa mchungaji wa Ujerumani au wa Ubelgiji. Mchungaji wa Ujerumani alianza kuandikwa kama aina yake peke yake mwaka 1899, na kazi aliyofugiwa ilikuwa kuzunguka kundi la kondoo kutwa nzima.

Sasa changanya hao wawili. Unapata mbwa anayetaka kufukuza, anayetaka kukusanya, na anayeweza kukimbia toka asubuhi mpaka jua linazama. Halafu unamweka nyuma ya nyumba pasipo kazi. Kuku akipita mbio, yeye anaona kazi imefika. Baiskeli yenye magunia ya muhogo ikipita, vilevile. Hiyo haiko uchawi wala mapepo. Ni nguvu isiyokuwa na njia ya kutokea.

Kwa nini kamba fupi inaharibu

Mbwa akiogopa ana njia mbili: kukimbia au kuuma. Ukimfunga mafupi, umemwondolea ya kwanza. Watoto wakipita wanamtupia mawe, yeye hawezi kwenda mbali. Kila siku anajifunza kwamba mtu mdogo anayekaribia analeta maumivu. Siku kamba inakatika, anafanya alichojifunza.

Kama ni lazima kumfunga saa fulani, nyosha waya mrefu kati ya miti miwili, upitishe pete juu yake, na kamba ifungwe kwenye pete. Hapo anatembea, anafika kivulini na kwenye maji. Fanya hivyo mbali na njia ya watoto.

Kuna desturi zingine pia za kuacha. Kumpa pilipili ili awe mkali: inamchoma tumbo tu. Kumfunga kuku mfu shingoni: ananuka, hajifunzi kitu. Na kumpiga mchana juu ya mayai aliyokula asubuhi: mbwa hawezi kuunganisha fimbo ya sasa na yai la zamani. Anaunganisha fimbo na mkono wako. Ukimwita na akija ukampiga, umemfundisha asije tena ukimwita.

Namna ya kumfundisha

Kanuni ni moja: mbwa anarudilia kile kilichomletea faida papo hapo. Zawadi ifike mara moja, mbele hajafanya kitu kingine. Zawadi si lazima iwe nyama. Chukua bukari kidogo kutoka chakula chake cha siku, changanya na samaki mkavu aliyesagwa, ukate vipande vya ukubwa wa haragi moja. Hutoi franka hata moja zaidi. Unamlipa mshahara kutoka sahani yake mwenyewe.

1. Kwanza, amalize nguvu. Asubuhi mapema na jioni, mbele ya masomo, atembee na kukimbia kama nusu saa au zaidi. Ukienda shambani, mchukue kwa kamba. Mbwa aliyetoka kulala na njaa ya kukimbia hasikii mtu.

2. Neno moja kwa kazi moja. Nimeona nyumba ambamo baba anasema «kaa», mtoto anasema «asi» kwa Kifaransa, na nyanya anamwambia kwa Kiruund. Mbwa si mkaidi. Amepewa amri tatu kwa kitu kimoja. Wote wa nyumba wapatane.

3. Anza na «kuya». Mfunge kamba ndefu, kama metre kumi. Mwite jina, sema «kuya», rudi nyuma hatua mbili. Akifika, zawadi na sauti ya furaha. Mara tano au sita, kisha acha. Dakika tano, mara tatu kwa siku, zinashinda saa nzima siku ya Mungu.

4. Kisha «kaa». Shika kipande juu ya pua yake, ukipeleke pole kuelekea kisogo. Kichwa kikipanda, makalio yanashuka. Yakigusa chini tu, mpe. Usimsukume.

5. Halafu kuku. Usianze karibu. Simama naye mahali anapoona kuku lakini bado anaweza kukusikia, hata kama ni mbali sana. Akiangalia kuku, mwite. Akigeuza macho kwako, mpe zawadi. Kila siku mbili tatu sogea hatua chache. Akianza kuvuta na kulia, umekaribia haraka, rudi nyuma. Kazi hii inaomba majuma, si siku. Wakati huo wote asiachiwe huru penye kuku, juu kila kuku anayemkamata ni zawadi kubwa kupita ile ya mfukoni mwako.

6. Mpe kazi ya kweli. Alale pembeni ya mahindi pamoja na mlinzi wakati tumbili wanakuja. Atafute panya karibu na ghala. Atembee na mwenye mbuzi, lakini kwanza kwa kamba. Mbwa mwenye kazi anarudi nyumbani kulala.

Kwa mtoto wa mbwa, wakati bora ni kati ya juma la tatu na la kumi na mbili hivi. Anachokutana nacho kwa amani wakati huo, kuku, mbuzi, watoto, baiskeli, anakihesabu kuwa cha nyumbani. Kwa hiyo usimfiche ndani. Lakini usimtoe kwa mama yake mbele ya majuma manane.

Meno na kichaa cha mbwa

Hapa ndipo jambo linakuwa zito. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha alama kwa mtu, karibu kila mara kinaua. Na karibu watu wote wanaokufa nacho duniani wamekipata kwa mbwa. Kumfundisha mbwa bila kumchanja ni nusu ya kazi. Mtoto wa mbwa achanjwe akifikisha miezi mitatu, na chanjo irudiliwe kama muganga wa nyama atakavyosema, mara nyingi kila mwaka.

Mtu akiumwa, fuata njia hii:

– Osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, mara moja. Usiweke majani, mafuta wala pilipili.
– Peleka mgonjwa kwa sentre ya afya siku ileile, waamue juu ya sindano. Usingoje kuona mbwa atakuwa namna gani.
– Usiue mbwa haraka kama anaweza kufungwa salama. Mchunguze siku 10 na uite muganga wa nyama. Akibaki mzima siku hizo zote, sentre inaweza kuamua kusimamisha sindano zilizobaki. Lakini mbwa anayetokwa mate, anayeyumba au anayeuma kila kitu, usimsogelee.

Chanjo ni kazi ya kooperative zaidi kuliko ya mtu mmoja. Mara nyingi chupa moja inatosha mbwa wengi, na inaomba baridi ya digrii 2 mpaka 8 njia nzima. Mtu mmoja akiomba, safari ni ghali. Mkihesabu mbwa wote wa kijiji, mkaandika orodha na kuipeleka pamoja kwa huduma ya ufugaji ya teritwari, gharama inagawanyika. Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya kupigana na kichaa cha mbwa. Ni tarehe nzuri ya kuomba muganga apite kwenu. Anzeni orodha mapema.

Na yule mbwa?

Alichunguzwa siku 10, akabaki mzima, kisha akachanjwa. Mtoto naye amepona. Papa alikubali kutoa ile kamba fupi. Tulianza na «kuya», na ilichukua majuma manne mbele mbwa hajapita karibu na kuku mmoja akiangalia uso wa mwenye kumshika. Sasa kila asubuhi anaenda shambani na papa, jioni anarudi amechoka, anajitupa chini kivulini. Papa alilipa kuku watatu na sehemu ya ule mbuzi. Hiyo pia ni sehemu ya kufuga mbwa.

Mama bado yuko mu kooperative. Bado ameweka fimbo karibu na mlango. Lakini ameniuliza kama mbwa jike wa kijiji atazaa mwaka huu, juu panya wanamaliza mahindi yake.