Karantini

Kariakoo, katika mji wa Dar es Salaam, wachuuzi, wachukuzi na wanunuzi husongamana tangu asubuhi. Ugonjwa wa kuambukiza ukiingia hapo huenea upesi. Kwa hiyo Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 yaipa Serikali amri ya kuwatenga watu, hata mzima aliyekaribiana na mgonjwa. Kutengwa huko huitwa karantini.

Machi 2020, korona ilipoingia, wasafiri waliotoka nchi zenye ugonjwa mwingi waliamriwa kukaa peke yao siku 14, kwa gharama yao wenyewe. Mbona siku 14? Kwa sababu ugonjwa huo huweza kujificha mwilini muda huo kabla ya kuonekana.

Ndipo watu wakabishana. Wengine walitaka mji wote ufungwe. Wengine wakauliza: mchuuzi alaye alichopata leo, akifungiwa, watoto wake watakula nini? Rais John Magufuli alikataa kuufunga mji.

Basi, anayemfungia mtu kwa ajili ya jirani zake hana budi kumwambia sababu na idadi ya siku, tena kuangalia asilale njaa. Naye aliyefungiwa akumbuke kwamba hakuhukumiwa kwa kosa, anawalinda wenziwe.